Corolla 100 linazima njiani kutoka Ngomeni: nitajuaje kama pampu ya petroli imekufa kweli?

Muuza Kamba, Malindi

Asalaam alaikum ndugu zangu mafundi na madereva. Naomba msaada wenu kabla sijatoa pesa ambazo sina.

Nina Corolla 100 la injini ya 5A, aliniachia marehemu baba. Ndilo linalonilisha mimi na wanangu. Alfajiri nakwenda Ngomeni kungoja mashua, nanunua kamba, kolekole na tafi kidogo, napanga kwenye maboksi ya barafu ndani ya buti, kisha narudi mbio Malindi, maana wateja wangu wa Shella wanataka samaki kabla ya saa sita. Na barafu haina subira, sembuse kaskazi hii.

Wiki ya tatu sasa gari lina tabia moja. Ile njia ya vumbi kutoka Ngomeni linapita vizuri. Gongoni, vizuri. Nikishafika Mambrui jua limeshapanda, nguvu zinaanza kupungua. Nakanyaga mafuta, badala ya kukimbia linalegea, linashtukashtuka, halafu linazima. Stata inazungusha injini kwa nguvu zote lakini haliwaki. Nikikaa chini ya mwembe nusu saa, linawaka kana kwamba hapakuwa na lolote na linanifikisha nyumbani. Juzi lilinizimia karibu na daraja la Sabaki, nikapoteza boksi zima la kamba, kilo 11. Nililia, sifichi.

Jambo jingine, sijui kama linahusika. Mshale wa petroli siku hizi siuelewi. Natia mafuta nusu tangi, nikiwa njiani unashuka karibu na mwisho. Kesho yake nikifungua suichi umerudi nusu.

Fundi niliyempelekea aliweka sikio kwenye mdomo wa tangi, kijana wake akafungua suichi bila kupiga stata. Akasema, "Husikii kitu, pampu imekufa. Lete elfu saba na mia tano." Sikubishana naye, lakini moyo ulikataa. Gari nililiendesha mwenyewe mpaka pale gereji. Pampu iliyokufa imelifikishaje?

Mdogo wangu hufunga sola, ana mita ya umeme na anajua kuitumia. Geji ya presha hatuna. Tuanzie wapi?

Dereva wa Njia ya Garsen

Pole sana dada kwa hasara ya kamba. Mimi yalinikuta hayo hayo na Probox mwaka juzi, tena mchana wa jua kali kama wewe. Nilibadilisha pampu, na mpaka leo sijasimama tena njiani, ingawa siku ile fundi alivua mambo mengi kule nyuma akayasafisha kabla ya kurudisha.

Likikuzimia tena, mwenzako apige stata huku wewe unagonga chini ya tangi kwa kiatu, mara mbili tatu, si kwa nyundo. Likiwaka kwa kugongwa, basi kaboni za mota ya pampu zimelika na haina siku nyingi. Tena usiache petroli ishuke chini ya robo. Pampu imo ndani ya petroli na petroli hiyo ndiyo inayoipoza. Sisi wa matatu tunajiua wenyewe kwa kutia mafuta ya mia tatu mia tatu.

Mkaazi wa Watamu

Jaribu kifuniko cha tangi kabla ya yote. Kikiziba, hewa haiingii tangini, pampu inavuta mpaka inashindwa. Ukingoja nusu saa hewa inapenya kidogo kidogo na gari linawaka. Likizima, fungua kifuniko. Ukisikia hewa inavutwa kwa kishindo, umempata mchawi wako.

Muuza Kamba, Malindi

Ahsanteni. Leo limezima tena, hatua chache kabla ya Mambrui. Kifuniko nimefungua, hakuna hewa iliyovutwa. Tangi nimeligonga kwa kandambili ya mpira wa gari, halikuwaka. Nikakaa dakika 35, likawaka.

Fundi wa Barani

Waalaikum salaam dada, na pole. Nashika spana hapa Malindi mwaka wa 26 sasa. Maelezo yako nimeyasoma mara mbili, na huo mshale wako wa petroli umenisimamisha. Nitaufikia. Kwanza lile sikio la fundi mwenzangu.

Kipimo kile kwa gari lako si kipimo. Yako magari ambayo ukifungua suichi tu, pampu inaunguruma sekunde mbili kisha inanyamaza. Corolla 100 haliko hivyo. Relei ya pampu, ile suichi ndogo inayoipitishia umeme, haishiki mpaka stata ipigwe au injini iwe inazunguka, na imepangwa hivyo makusudi: gari likipata ajali injini ikazima, pampu isiendelee kumwaga petroli. Basi ule ukimya ungeusikia hata kama pampu ingekuwa imetoka dukani leo. Inaniuma, kwa sababu nimeona watu wakitupa pampu nzima kwa ajili ya ukimya huo.

Ukitaka kuisikia, fungua boneti utafute kijisanduku cheusi chenye kifuniko na matundu madogo ndani yake. Majina ya matundu yameandikwa upande wa ndani wa kifuniko. Unganisha +B na FP kwa kipande kifupi cha waya. Hayo mawili tu, ukiteleza ukagusa tundu la E1 utaunguza fyuzi, pengine na zaidi ya fyuzi. Kisha fungua suichi bila kuwasha. Sasa pampu inapata umeme bila kungoja relei yake. Weka sikio kwenye mdomo wa tangi: mvumo uliotulia ndio unaotakiwa. Ukibana kwa vidole hozi ya mpira inayorudisha petroli tangini, utaisikia petroli ikipita ndani. Ikilia kwa waya huo na hailii ukipiga stata, basi pampu haina kosa, katafute kwenye relei na amri yake. Isipolia hata kwa waya huo, bado usiihukumu. Hujajua kama umeme unaifikia.

Hapa ndipo nataka unisikilize sana. Vipimo hivi vifanyie pale pale njiani, likiwa limezima, kabla halijapoa. Mgonjwa wa homa za jioni ukimpima asubuhi utamwambia yu mzima. Gari lako gereji limefika likiwa na afya, likapimwa likiwa na afya, likahukumiwa ugonjwa ambao saa ile halikuwa nao.

Na likizima, anza na cheche kabla ya petroli. Chomoa waya mmoja wa plagi, utie plagi ya akiba, uilaze juu ya chuma cha injini, mdogo wako apige stata. Ukiona cheche ya buluu yenye sauti, umeme wa plagi upo. Isipokuwepo, achana na pampu kabisa. Distribyuta na koili za magari haya, zinazozipa plagi umeme, nazo huchoka kwa joto, na dalili yake ni hiyo hiyo ya kuzima na kuwaka baada ya kupoa, ila wakati mwingi huzima ghafla, hakuna kulegea kwanza. Kulegea kwako kunanivuta upande wa petroli. Kipimo cha cheche kifanywe kabla hamjagusa hozi yoyote ya petroli, tafadhali sana. Gereji nyingi zetu zimepakana na majiko ya viazi karai, na mvuke wa petroli hutambaa chini mpaka uupate moto. Nilishamwona kijana akiungua mikono yote miwili kwa sababu hiyo. Siku mtakayofungua hozi, waya wa hasi wa betri utoke kwanza.

Sasa mshale. Pampu na kile kielea cha kupimia petroli vyote vimo tangini, na kwenye magari mengi waya zao za kurudi bodini, tunazoziita athi, zinafungwa pamoja. Athi ikiwa na kutu, umeme unapita kwa shida. Pampu inazunguka kwa uvivu, na mshale nao unasema uongo upande wa tupu. Suichi ikifunguliwa asubuhi, pampu bado haijaanza kuvuta umeme, ndiyo maana mshale unarudi mahali pake. Sehemu yenye kutu hupata moto kadiri inavyofanya kazi, na ikipata moto inabana zaidi. Ukipumzika nusu saa inapoa. Soma maelezo yako ya kwanza uone kama hayafanani na haya.

Swali langu kwako: hayo maboksi ya barafu yanavuja?

Mdogo wako ainue kiti cha nyuma. Chini yake kuna kifuniko cha bati, na hapo kuna plagi ya waya zinazoingia tangini. Asiichomoe! Waya uliobakiwa na unyuzi mmoja utamwonyesha volti 12 kamili ukiwa hauna mzigo, ukipewa pampu unakufa. Achomeke pini nyembamba kwa nyuma ya plagi hiyo, pampu ikiwa inazunguka kwa ule waya wa +B na FP, na apime mara tatu: betri yenyewe, kati ya waya mbili za pampu, halafu kati ya ule mweupe wenye mstari mweusi, ambao ndio athi, na chuma kitupu cha bodi. Hicho cha mwisho kinatakiwa kiwe karibu na sufuri. Kikizidi robo volti, chukueni msasa.

Muuza Kamba, Malindi

Kaka fundi, maboksi yanavuja. Mawili yana nyufa na moja halina kifuniko chake. Kila siku napiga deki buti kwa maji.

Tutapima kesho, mdogo wangu nakwenda naye.

Muuza Kamba, Malindi

Nimerudi, na mikono bado ina grisi.

Limezima kilomita chache baada ya Gongoni, mapema kuliko siku zote. Cheche ipo, ya buluu, inalia. Tukaunganisha +B na FP. Pampu imelia, lakini kaka, ni sauti ya mbu! Nyembamba, inapanda na kushuka. Hapo nikakata tamaa, nikasema yule fundi alikuwa na haki.

Mdogo wangu akasema tumalize kupima kwanza. Betri 12.4. Kati ya waya mbili za pampu, 8.7. Kati ya ule mweupe wenye mstari mweusi na bodi, 3.1. Alipima mara mbili kwa kuwa hakuamini.

Fundi wa Barani

Mwambie mdogo wako ana mikono ya kazi. Hesabu yake imekaa sawasawa. Betri ina 12.4, pampu inapata 8.7, zimepotea 3.7 njiani. Kati ya hizo 3.1 zinapotelea kwenye athi peke yake. Upande wa chanya umepoteza 0.6 tu, ambayo kwa gari la umri huu lenye relei na plagi zake zote za zamani, nakubaliana nayo. Pampu ya volti 12 ukiilisha 8 na ushee lazima ilie kama mbu. Ina njaa.

Fuateni huo waya mweupe na mweusi mpaka unapofungwa bodini. Inueni mkeka wa buti, mtazame pembeni karibu na taa za nyuma. Mkipata boliti, msiikaze tu mkaondoka. Itoeni, mpige msasa mpaka chuma king'ae, kichwa cha waya kikiwa kimeliwa mkikate mtie kipya, mkaze, halafu ndipo mpake grisi juu yake. Pimeni tena pale pale.

Muuza Kamba, Malindi

Tumelipata. Upande wa kushoto wa buti, nyuma ya zulia lililoloa maji ya samaki. Boliti moja, na chini yake waya tatu. Shaba imegeuka unga wa kijani, kichwa cha waya kilimeguka mkononi kama biskuti. Zulia lilikuwa limeshika maji ya chumvi sijui tangu lini. Baba alikuwa hapitishi samaki ndani ya gari hili hata siku moja, mimi ndiye niliyeanza.

Tumepiga msasa, tumetia vichwa vipya vitatu, shilingi 60 vyote. Vipimo sasa: betri 12.4, kwenye pampu 11.6, athi na bodi 0.1. Na sauti! Mvumo mzito uliotulia, unausikia hata ukiwa umesimama nje. Mshale wa petroli umekaa nusu, hausogei.

Dereva wa Njia ya Garsen

Dada, hongera. Na mimi nakiri, hiyo pampu yangu ya zamani ya Probox bado iko stoo nyumbani. Kesho naipelekea umeme wa betri ndani ya kopo la petroli nione.

Fundi wa Barani

Usifanye hivyo ndugu yangu, nakusihi. Pampu ndani ya kopo la wazi, waya zinashikwa kwa mkono, cheche ikiruka pale juu umekwisha. Lete nikupimie ukinzani wa mota yake ikiwa kavu: pampu za aina hii ikiwa baridi huwa kati ya omu 0.2 na 3. Ikionyesha haina njia kabisa, imekatika ndani. Ikionyesha njia hujajua kama ina nguvu, lakini hujaungua.

Dada Muuza Kamba, usifunge kesi bado. Volti zinatuambia pampu inalishwa. Hazituambii inatoa kiasi gani. Pitia kwangu siku usiyokwenda baharini, geji ya presha ninayo. Kwenye gari hili hakuna mahali palipotengwa pa kuchomeka geji, inabidi tufungue boliti ya bomba kwenye filta na kutia washa mpya za shaba, vile vipete vya kuzibia, pande zote mbili. Washa kuukuu itavuja, na petroli juu ya injini ya moto si kitu cha kubahatisha. Kazi ya saa moja.

Muuza Kamba, Malindi

Nimetoka kwa kaka fundi jana. Naandika majibu kwa faida ya mwenye gari kama langu.

Pampu ikizunguka kwa waya wa +B na FP, injini imezimwa, geji imesoma psi 41. Aliniambia gari hili linatakiwa liwe kati ya 38 na 44, basi tumo ndani. Injini ikiwa imewashwa, bila kukanyaga, ile hozi ndogo ya hewa ikiwa mahali pake kwenye kidhibiti cha presha, imesoma 33, na inatakiwa 30 hadi 37. Akaichomoa ile hozi ndogo, ikapanda 41. Nikafurahi.

Kisha akazima akaniambia tungoje dakika tano, tukanywa kahawa. Tuliporudi geji ilikuwa 12. Inatakiwa isishuke chini ya 21.

Naomba akueleze mwenyewe alichofanya baada ya hapo, mimi nilielewa nusu.

Fundi wa Barani

Nilifanya hivi. Presha ikishuka baada ya kuzima, petroli imepita mahali: imerudi tangini kupitia kidhibiti cha presha, au imerudi kupitia pampu yenyewe, au nozeli, zile zinazoipulizia injini petroli, zinadondosha ndani. Nikapandisha presha tena, nikazima, nikaibana hozi ya mpira ya kurudishia kwa koleo niliyoifunga kitambaa. Ikashuka vile vile, basi kidhibiti hakina kosa. Nikapandisha tena, nikaibana hozi ya kupeleka. Geji ikasimama, haikusogea. Kwa hiyo nozeli hazina kosa, na kinachovuja ni vali ndogo iliyo ndani ya pampu, ile inayoizuia petroli isirudi nyuma pampu ikinyamaza.

Nikamuuliza, asubuhi gari huwaka kwa stata ngapi? Akasema mbili, wakati mwingine tatu, na kwamba alidhani ni uzee. Ndiyo hiyo vali. Bomba limekuwa tupu usiku kucha, stata ya kwanza inalijaza.

Hii haitamzimisha njiani. Pampu ikizunguka inatoa presha yake kamili na hiyo ndiyo injini inayohitaji. Nimemwambia asinunue pampu sasa. Afungue suichi akiwa ameunganisha ule waya wa +B na FP siku yoyote anayotaka kusikia ile sauti, aishike masikioni ilivyo leo. Ikibadilika, au presha ikishuka chini ya 38, hapo tutazungumza habari za kununua, na tutabadilisha pamoja na kichujio chake cha ndani ya tangi. Pampu mpya kuvuta kupitia kichujio kilichojaa tope ni kuionea.

Muuza Kamba, Malindi

Leo ni safari ya sita Ngomeni na kurudi. Halijazima. Juzi nilipita Mambrui saa saba na jua la utosi, nikapunguza mwendo makusudi nikingoja lilegee. Halikulegea. Nikapita Sabaki mikono imeloa jasho.

Maboksi mawili nimeyaziba kwa fiba ya mafundi wa mashua, na chini yake nimelaza sinia kubwa la plastiki la kukinga maji. Zulia la buti nimelitoa kabisa. Lakini kwenye shimo la tairi la akiba bado pana maji, na sijui yanatokaje. Nichote kwa kikombe kila siku?

Fundi wa Barani

Toa tairi la akiba. Chini kabisa ya shimo kuna kizibo cha mpira cha duara. Kisukume kwa bisibisi butu kutokea ndani, maji yatamwagika yenyewe. Osha kwa maji matamu mara mbili, acha buti wazi juani siku nzima mpaka pakauke kabisa, halafu piga brashi ya waya palipoanza kutu na upake rangi ya kuzuia kutu. Kizibo kirudishe, vumbi la njia ya Ngomeni lisiingie. Na kila mwezi ile boliti uitazame.